Unataka kujifunza aikido ili ujilinde mtaani? Pitia huu uzi kwanza

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Swali hili naletewa inbox kila mara: "Mkuu, nikijifunza aikido nitaweza kujilinda na vibaka?" Nimeona nilijibu hapa kwa urefu, wenye uzoefu wachangie na wanaopinga wapinge. Nafanya mazoezi ya aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, hapa Dar, na kabla ya hapo nilipitia judo. Naipenda sana hii kitu, na ndiyo maana sitaki mtu aingie akiwa amedanganywa, halafu siku anakabwa usiku Buguruni anabaki kushangaa mbona huyu haanguki kama wenzangu wa mazoezini.

Msimamo wangu nauweka mapema. Aikido ni sanaa ya kushughulika na mtu aliyekushika. Anayekurushia ngumi ni habari nyingine. Ukiielewa hivyo, na ukaifanyia mazoezi na mwenzako anayekataa kuanguka, itakusaidia. Ukiifanya na mwenzako anayeanguka kabla hujamgusa, utapata afya na marafiki, lakini usiitegemee mtaani.

Wengi wetu tuliiona mara ya kwanza kwenye vibanda umiza, Steven Seagal akipinda watu mikono na kuwapitisha kwenye vioo. Seagal ameisomea kweli, alifundisha Osaka huko Japani kabla hajaingia kwenye filamu. Ila mle ndani ya filamu anayerushwa analipwa arushwe, na ile picha ndiyo iliyowaingia watu kichwani.

Turudi ilikotoka, maana bila hapo huwezi kuelewa tatizo liko wapi. Mwanzilishi ni Morihei Ueshiba, aliyezaliwa 1883 Tanabe na kufariki 1969. Mtu mfupi, hakufika hata sentimita 160. Mwaka 1915 akiwa Hokkaido alikutana na Sokaku Takeda, mwalimu mkali wa Daito-ryu, mtindo wa jujutsu ya Kijapani, na sehemu kubwa ya mbinu tunazozifanya leo zimetoka huko. Mwaka 1931 akafungua dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya Kobukan mjini Tokyo. Mazoezi ya pale yalikuwa makali kiasi kwamba watu waliiita dojo ya jehanamu. Hukuingia hivihivi, ulitakiwa uwe na watu wa kukudhamini, na wengi walioingia walikuwa tayari watu wa judo au wa upanga. Ueshiba alifundisha pia kwenye vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini.

Sasa angalieni hapo. Wanafunzi wale wa mwanzo walikuja wakijua kupiga, kuangusha na kuangushwa. Walishapambana na watu waliokuwa wanakataa kwa nguvu zao zote, ndipo aikido ikaja juu ya huo msingi. Baada ya vita kuu mtoto wake, Kisshomaru, na wenzake wakaifungulia dunia nzima: wanafunzi wa vyuo, makarani, akina mama, wazee. Ni jambo jema sana, bila hilo mimi nisingeifahamu. Lakini mbinu zilibaki zilezile na ule msingi haukuwa sharti tena. Leo mtu anaweza kupanda mikanda mpaka mweusi na hajawahi hata siku moja kukutana na mkono unaokataa.

Kitu kingine kinachochekwa bila kueleweka ni kushikwa kifundo cha mkono. Watu husema "nani anashika mtu mkono mtaani?" Asili yake ni zama za panga. Mwenye upanga kiunoni ukitaka kumzuia asiuchomoe unamshika mkono, kwa hiyo ile si mbinu ya kubuni. Na leo? Waulizeni akina dada. Waulizeni waliovutwa na wapiga debe stendi, waliong'ang'aniwa na mlevi baa, walioburutwa na mtu wanayemjua kabisa. Mkono ndio unaoanza kushikwa.

Nieleze vinavyosaidia, nikianza na kile ambacho wengi wanakipita haraka wakikimbilia kuvunja mikono: ukemi, yaani kuanguka. Unapoviringika mbele, unagusa chini kwanza kwa ubavu wa kiganja, mkono umepinda kama upinde, mzigo unapita kwenye kigasha, bega, unakata mgongo kwa mshazari na kutokea nyonga ya upande wa pili. Kidevu kimebanwa kifuani, macho yanatazama fundo la mkanda wako. Ukianguka nyuma, unakunja goti, unakaa karibu na kisigino chako, ndipo unaviringika. Kisogo hakigusi chini kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka. Bafu lenye utelezi, ngazi, mtaro ulioachwa wazi. Hivi utakutana navyo kabla ya kibaka. Na hata huyo kibaka akikusukuma, kinachoua mara nyingi ni kisogo kupiga ukingo wa barabara.

Cha pili ni miguu. Irimi ni kuingia ndani kwa mshazari, ukitoka kwenye njia ya shambulio na kumsogelea mtu ubavuni. Tenkan ni kugeuka ukimwacha apite. Mtu akikurukia, ukasogea nusu hatua pembeni na mbele, yeye ameshapoteza mahali alipokuwa anaelekea. Ukiwa na miguu hiyo tu, hujafanya hata mbinu moja ya mkono, umeshapata nafasi ya kukimbia.

Cha tatu ni ikkyo, mbinu ya kwanza kufundishwa na ya mwisho kueleweka. Unakishika kiwiko chake na kukisukuma kuelekea sikio lake, bega linapanda, mgongo unapinda, anashuka. Ni mbinu isiyotaka ufundi wa vidole, kwa sababu kiwiko ni kikubwa na hakiponyoki kirahisi hata mikono ikiwa na jasho. Ndiyo maana naiamini kuliko kotegaeshi, ile ya kupinda kifundo kwa nje inayovutia sana kwenye video. Kotegaeshi inafanya kazi mkono ukiwa umesimama mahali, umeshika kitu. Mkono unaoruka hewani huupati.

Halafu kuna atemi, pigo. Dojo nyingi wamelifanya liwe ishara tu, mkono unapita mbele ya uso basi. Gozo Shioda, mmoja wa wanafunzi wakubwa wa Ueshiba kabla ya vita, mtu mdogo wa mwili, alisisitiza sana kwamba kwenye pambano la kweli atemi ni sehemu kubwa ya aikido. Pigo humfanya mtu arudishe kichwa, alegeze mkono, na hapo ndipo mbinu inapata mlango. Kama mwalimu wako hajakufundisha kupiga, hujajifunza nusu ya kitu chenyewe.

Sasa kabari, au roba ya mbao. Hapa nataka niwe makini, maana ndiyo tunayoiogopa wote. Aikido ina shambulio linaitwa ushiro kubishime: mtu anakuja nyuma, mkono mmoja shingoni, mwingine umekamata kifundo chako. Linafanana sana na roba ya kwetu. Tofauti ni moja na ni kubwa. Mazoezini mwenzako akishakukaba anasimama palepale anasubiri. Mkabaji wa kweli anakuvuta kinyumenyume, visigino vinaacha ardhi, mgongo umepinda, huna miguu ya kufanyia irimi wala tenkan. Na ukibanwa mishipa ya shingo pande zote mbili, unaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10.

Kwa hiyo tunavyofanya sisi: mtu anatembea, mwenzake anamkaba kwa nyuma na kumburuta kweli. Kwanza kabisa kidevu kinaingia kwenye kona ya kiwiko cha mkabaji, mikono yote miwili inaning'inia juu ya mkono wake kuuvuta chini ili upate hewa. Pili, unashuka nyonga, unajifanya mzito. Tatu, mguu unatoka pembeni na nyuma ya mguu wake, ukigeukia upande wa kiwiko. Hapo pigo la kiwiko mbavuni, na hapo tu ndipo mbinu za aikido za kupita chini ya mkono zinapata nafasi. Mara nyingi hazipati. Mara nyingi mnaanguka wote wawili, na ndiyo maana nasema ukemi ni ya kwanza.

Kisu na panga: kimbia. Dar tumeshaishi na habari za Panya Road, tunajua kundi la vijana wenye mapanga likoje. Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anamaliza futi 21, yaani kama mita 6 na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Pima hizo mita 6 na nusu nyumbani kwako uone. Aikido inafundisha ma-ai, umbali, na hilo ndilo somo lake la kisu: kuujua umbali mapema. Yale ya kunyang'anya kisu ni ya pale ulipobanwa ukutani huna njia, na hata hapo tegemea kukatwa.

La mwisho ni sheria. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika. Mtu ameshalala chini, mkono umeudhibiti, ukaamua kuuvunja, hapo umetoka kwenye kujilinda.

Karibuni tujadili.

#2

Mleta mada heshima yako. Mimi ni mtu wa ngumi, nafanyia mazoezi Manzese. Nakubali sana hapo kwenye kuanguka, ngumi hazitufundishi hilo. Lakini nikuulize kwa nia njema: kama mtu ana miezi sita tu ya kujiandaa, kwa nini apoteze muda na aikido? Miezi sita ya ngumi atajua jebu, atajua kukaa gadi, atazoea kupigwa usoni bila kufumba macho. Kijana mmoja wa aikido alikuja gym kwetu akaomba sparing. Kila akinyoosha mkono kukamata, ngumi ilikuwa imesharudi na nyingine iko njiani.

#3 Mleta uzi

Mkuu, kwa miezi sita na kwa mtu anayeogopa kupigwa ngumi, aende kwenye ngumi. Sina ubishi hapo. Kuzoea kupigwa ni nusu ya kujilinda na dojo nyingi za aikido hazikupi hiyo.

Kuna mwalimu wa aikido wa Lithuania, Rokas Leonavičius, alikuwa na dojo yake mwenyewe. Mwaka 2017 aliweka mtandaoni video akipambana na mtu wa MMA, yaani mapigano mchanganyiko, na mbinu zake karibu zote ziligoma. Baadaye akafunga dojo akaenda kujifunza mapigano upya. Watu wa aikido wengi walimtukana. Mimi naona alifanya kazi ambayo sote tulipaswa kuifanya.

Ila tazama ile video kwa jicho la msimamo wangu wa juu. Mpinzani hakumshika kitu, alikuwa anapiga na kurudi. Ngumi inapiga na kurudi, mkono wa mwizi unashika na kubaki. Umeshika mkoba wangu, umeshika kola yangu, umeshika simu na mimi nimeishika. Mkono huo upo, haurudi, kwa sababu anataka kitu. Hapo mtu wa ngumi naye anahitaji kujua jinsi ya kujichomoa kabla hajapata nafasi ya kupiga.

Na usisahau kwamba ndani ya aikido yenyewe kuna aliyeliona tatizo hili mapema. Kenji Tomiki, mwanafunzi wa Jigoro Kano wa judo na pia wa Ueshiba, alianzisha pale Chuo Kikuu cha Waseda aikido yenye mashindano. Mmoja anashika kisu cha mpira anachoma, mwingine anajitetea, muda ukiisha wanabadilishana. Tafuta uone. Ni vurugu, si ile ngoma nzuri ya maonesho. Mbinu zinazotokea ni chache sana na watu waliofanya mazoezi miaka mingi wanachomwa mara kwa mara. Mimi darasa moja la namna hiyo lilinifundisha kuhusu kisu kuliko maonesho yote niliyowahi kuyaona.

#4

Kaka asante kwa uzi. Mimi ni mama, binti yangu yuko kidato cha tatu, anarudi jioni na kuna njia ya vichochoro. Kuna kijana aliwahi kumvuta mkono, bahati watu walipita. Sitaki awe mpiganaji, nataka tu ajue kujitoa na kukimbia. Aikido itamfaa?

#5 Mleta uzi

Dada yangu pole sana kwa hilo, na mpe pole binti.

Kwa alichokutana nacho, itamfaa kabisa, na hili la kwanza unaweza kulifanya naye nyumbani leo. Mshike kifundo cha mkono kwa nguvu. Atajaribu kuuvuta mkono kuelekea kwake, kila mtu hufanya hivyo, na mwenye nguvu atashinda. Mwambie aache kuvuta. Apige hatua kumsogelea aliyemshika, kiwiko chake akipeleke karibu na kiwiko cha mshikaji, na kifundo akizungushe kutokea pale kidole gumba cha mshikaji kinapokutana na vidole vingine. Hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Mkono unachomoka kama kwamba haukushikwa. Rudieni pande zote mbili, halafu mshike kwa kushtukiza akiwa anafanya jambo lingine, halafu kwa mikono yako miwili. Kwa mikono miwili atahitaji kuukamata mkono wake mwenyewe kwa ule wa pili na kuuinua kwa mwili mzima.

Ila dada, kabla ya mkono ni sauti. "NIACHE!" kwa sauti ya tumboni, inayosikika nyumba ya tatu. Mabinti zetu tumewalea wawe wapole, wengi wakishikwa sauti haitoki kabisa. Na sauti nayo ni ya kufanyiwa mazoezi. Kwenye darasa letu mabinti tunaanza nayo, wanaona aibu siku za mwanzo, baadaye wanaipenda.

Na ukimpeleka dojo, kaa utazame darasa. Mwalimu anayemkatalia mzazi kutazama, mchukue mwanao muondoke. Hilo halina mjadala.

#6

Salamu kutoka Nairobi. Hiyo roba yenu huku tunaita ngeta, na kitu hujataja ni kwamba ngeta haiji na mtu mmoja. Wanakuja watatu. Mmoja anakukaba, wawili wanapekua mifuko, na ukianza kupigana hao wawili ndio wanakuumiza. Mimi nilipigwa ngeta nikitoka kazini. Nililegea, wakachukua simu na pochi, wakaniacha chini. Nilikuwa nimefanya karate miaka kadhaa. Sioni aikido ingefanya nini hapo, na naona kulegea kuliniokoa.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, pole, na ulifanya sawasawa. Simu inanunuliwa. Ningependa kila anayesoma uzi huu asome posti yako mara mbili.

Niongeze kidogo tu. Kulegea kunafaa wakitaka mali. Ukiona wanakuvuta kukuingiza kwenye gari au kichakani, hapo wanataka wewe, na hapo unapigana kwa kila kitu kuanzia sekunde ya kwanza.

Kuhusu watatu: aikido ina zoezi la kushambuliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Kwenye maonesho linapendeza, mmoja katikati anawarusha wote. Somo lake lenyewe ni jingine. Unajifunza kutokaa katikati. Unasogea ukingoni ili wawe kwenye mstari, mmoja anamziba mwenzake, unamsukumia wa mbele kwa wa nyuma na unaondoka. Tunalifanya hivyo: anayejitetea hatakiwi kumwangusha yeyote, anatakiwa afike mlangoni. Likifanywa namna hiyo linakuwa na maana.

#8

Mimi ni mlinzi, nimefanya kazi kwenye kumbi za starehe na sasa niko kwenye jengo la ofisi. Naunga mkono mleta uzi kutoka upande mwingine. Sisi haturuhusiwi kupiga mteja. Ukimpiga ngumi mlevi, wewe ndiye unayefukuzwa kazi, na siku hizi kila mtu ana kamera. Niliyoyapata kwenye aikido nayatumia kila wiki. Mtu amelewa, anatukana, unamwendea kwa ubavu, mkono wako mmoja juu kidogo ya kiwiko chake, mwingine kwenye kifundo, unatembea naye kama mnatoka pamoja. Akikaza, unakiinua kiwiko kidogo tu, anapanda kwa vidole vya miguu na kuendelea kutembea. Huumizi mtu. Wengine kesho yake hawakumbuki. Ila niseme wazi, siku zote tunakuwa wawili. Peke yako na mtu mkubwa aliyekasirika, usijaribu.

#9 Mleta uzi

Mkuu hapa umeleta kitu ambacho ningekieleza vibaya kuliko wewe. Hata polisi wa kutuliza ghasia wa Tokyo, wanaopelekwa kusomea aikido ya Yoshinkan, ile aliyoianzisha Shioda, kwa kozi ngumu ya karibu mwaka mzima, kazi yao ndiyo hiyo: kumtuliza mtu, kumlaza kifudifudi, kumfunga pingu, wakiwa na wenzao pembeni. Kwa askari, walinzi, manesi wa wodi za wagonjwa wa akili, walimu, aikido inawafaa kuliko ngumi. Hawa wanakutana kila siku na mtu ambaye ni lazima wamzuie na hawaruhusiwi kumuumiza.

#10

Vijana, nimesoma yote. Nina miaka 58, goti la kushoto lina matatizo. Ninachotaka ni kuwa imara nisianguke hovyo. Je, nimechelewa?

#11 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Hujachelewa, na lengo lako ndilo ambalo aikido inalitimiza vizuri kuliko yote niliyoyataja.

Mwambie mwalimu kuhusu goti siku ya kwanza kabisa. Kuna mbinu zinazofanywa mtu akiwa amepiga magoti na kutembea kwa magoti, suwari waza. Hizo usizifanye hata akisema ni desturi. Ukemi anza ukiwa umekaa chini, uviringike nyuma na kurudi, mpaka mwili ukubali, kisha ukiwa umechuchumaa kwa kadiri goti linavyoruhusu, na kusimama kuje baadaye sana. Na kuna mtupo mmoja, shihonage, mkono unapindwa nyuma ya bega na mtu anashuka kinyumenyume. Ukifanywa kwa kasi na mtu asiyejali, kisogo kinapiga chini. Omba usirushwe mtupo huo mpaka wewe mwenyewe useme uko tayari. Mwenzako wa mazoezi akikudharau kwa hilo, badilisha mwenzako.

Fimbo nayo itakufaa, ile ya jo, ya sentimita 128 hivi. Haina kuanguka, inanyoosha mabega na miguu, na mtu mzima mwenye fimbo anayejua kuitumia hasogelewi ovyo.

#12

Mkuu, tuambie basi tutaijuaje dojo nzuri, na sisi wa mikoani ambao hakuna dojo ya aikido tufanyeje?

#13 Mleta uzi

Nenda utazame kabla hujalipa. Tazama wanaoanguka kuliko wanaorusha. Kama watu wanaruka kabla mkono haujawagusa, kama hakuna hata mbinu moja iliyogoma saa nzima, kama mwalimu mwenyewe hakubali kushikwa na mwanafunzi mwenye nguvu, tafuta kwingine. Kama unaona mbinu inagoma, wanasimama, wanajaribu tena, mwalimu anasema "mkatalie zaidi kidogo", na watu wanacheka bila kudharauliana, kaa hapo. Uliza pia kama wanafanya atemi kweli na kama kuna darasa lolote la upinzani. Cheo cha mwalimu kwenye cheti cha makao makuu ya aikido Tokyo ni kizuri, lakini usianzie hapo.

Uangalie na sakafu. Dojo yenye mikeka chakavu yenye mianya itakuvunja kidole cha mguu kabla hujajifunza chochote.

Kwa wa mikoani, anzeni na judo ikiwepo. Utajifunza kuanguka, na utashikana na mtu anayekataa kila siku. Zanzibar judo ina mizizi ya muda mrefu, bara nako ipo hapa na pale. Mieleka nayo ni sawa. Ukija kukutana na mwalimu wa aikido baadaye utakuwa umefanana na wale wanafunzi wa kwanza wa Kobukan, utaielewa haraka kuliko aliyeanzia kwenye aikido. Kama hata judo hakuna, tafuteni watu wawili watatu, godoro kuukuu au mchanga wa ufukweni, na mfanye mambo matatu: kuanguka nyuma, kujichomoa mkono, na kujichomoa kwenye kabari mkiburutwa. Kwenye kabari wekeni ishara ya kugonga mara mbili, ukigongwa unaachia papo hapo, na asikabe mtu yeyote aliyetoka kunywa.

Dada wa #4, kuna darasa la mabinti Jumamosi asubuhi hapa kwetu na mzazi anakaa ukumbini mpaka mwisho. Nimekutumia maelekezo inbox.